Chai Iliyojitaja Mara Mbili

Anastasia alikata vitunguu mpaka machozi yakamtiririka, akajipangusa kwa mgongo wa mkono, akakata na vingine. Nyama alikuwa ameambiwa asitie. Lusajo, mwanawe wa pekee, alimpigia simu katikati ya wiki kumkumbusha: "Mum, wale hawali nyama, sawa? Hata supu yake usitie." Sasa ndizi bila nyama zitasimama kwa mguu gani? Kwa akili ya mama wa Tukuyu, jibu lilikuwa moja tu: kitunguu, na kitunguu saumu, tena kwa mkono wa kukunjua.

Siku hiyo ya Jumamosi walikuwa wanatoka Barking kwenda Rayners Lane kumposa Seema. Seema mwenyewe alishakubali zamani, na baba yake, Pravin, mwenye duka karibu na stesheni, hakuwa na neno. Lakini nyumba ile ilikuwa na bibi. Bibi Lila, mama yake Pravin, ndiye aliyemlea Seema toka mama wa mtoto huyo alipofariki, naye alishasema neno lake: mjukuu wangu hatoki hapa mpaka nimtazame machoni mama wa huko anakokwenda. Na Seema akamwambia Lusajo bila kuzunguka kwamba bila baraka ya bibi hakuna harusi. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa juu ya Anastasia. Akimpendeza bikizee, mwanawe anaoa. Asipompendeza, basi.

Na si kwamba moyo wake ulikuwa mweupe wote. Anastasia ni Mmormoni, na si Mmormoni wa Jumapili peke yake. Alitamani Lusajo amuoe binti wa imani yao, wafungishwe hekaluni, familia iwe moja hata ng'ambo ya kaburi. Alilipigia magoti jambo hilo miezi mingi. Mwisho akaamka siku moja akiwa mwepesi, akamwambia Mungu: wewe ndiye uliyempa huyu mtoto macho, na macho yameona Seema, basi mengine utajua mwenyewe. Toka siku hiyo hakulirudia.

Mshenga alikuwa Zephaniah wa Ilford, Mmoravian, rafiki wa marehemu Ulimboka, mume wa Anastasia. Walikutana naye stesheni ya Barking, suti imembana, tai ya rangi ya papai. Wakapanda treni watatu, Anastasia kapakata sufuria aliyoifunga kwa kanga mbili.

"Shemeji," alisema Zephaniah, "hicho chungu chako kinanuka mpaka watu wamehamia behewa la pili."

"Kinanukia. Kunuka ni kwa soksi zako."

Lusajo akazama kwenye simu yake. Amezaliwa Barking huyu. Kiswahili anakielewa mpaka matusi, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza.

"Sasa nisikilize," Zephaniah akashusha sauti. "Wahindi ukifika kwao wanaleta chai. Hawakuulizi. Chondechonde, leo ishike, lowesha mdomo, weka chini. Mungu wako anajua posa ni kitu gani."

"Anajua. Na anajua mimi si mtoto wa kulowesha mdomo."

"Basi mwaga kwenye ua."

"Nimwage chai ya watu? Zephaniah, wewe ulilelewa au uliokotwa?"

Mzee akacheka, lakini hakuacha kuwa na wasiwasi, maana alimjua. Zaidi ya miaka ishirini Anastasia hajaonja chai, na hiyo katika nchi ya Uingereza, ambako kila neno zito linasemwa na chai mkononi. Umefiwa, chai. Umegongwa na baiskeli, chai. Fundi amekuja kuziba bomba, haliangalii bomba kwanza mpaka apate chai. Kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, wenzake wakikaa kupumzika yeye hunywa maji ya moto matupu, na ndiyo wakamwita Maji Moto. Ulimboka alipokuwa hai, Anastasia alimchemshia chai kila alfajiri, akampelekea kitandani, asilambe hata kijiko. Na mwanamke huyu alizaliwa mashambani kwenye chai, akaichuma kabla hajajua kuandika jina lake.

Walibadilisha treni Baker Street, wakafika Rayners Lane mchana, jua la London likiwaka bila joto.

Pravin aliwafungulia mlango. Nyuma yake alisimama bikizee mdogo kama mtoto wa darasa la tano, sari nyeupe, miwani mizito, fimbo. Kiswahili chake kilikuwa cha Iringa alikoishi zamani, cha dukani, kimehifadhiwa safi kama vyombo vya wageni.

"Shikamoo, mama," alisema Anastasia akipiga goti kidogo.

"Marahaba, marahaba. Karibuni. Nyie hamna haja ya kupiga hodi, harufu imefika kabla yenu."

Anastasia akafurahi, akadhani kasifiwa. Akatoa sufuria kwa mikono miwili. Pravin akaipokea kwa mikono miwili vilevile, akaipeleka jikoni, akatoka, akaufunga mlango wa jikoni nyuma yake. Akasukuma hata na taulo chini ya mlango. Anastasia akaliona lile taulo. Likamkaa rohoni.

Walipokwisha keti, Zephaniah akasafisha koo. "Wazee wangu, sisi tumekuja kutoa taarifa ya kupotelewa. Tuna kijana wetu, mzima, ana kazi, ana meno yote. Kila tukimtafuta Barking hatumpati. Jumamosi hayupo, Jumatano hayupo. Tukiuliza tunaambiwa: nendeni Rayners Lane. Sasa tumekuja kuona ni nini hiki kinachotumezea mtoto wetu."

Pravin akacheka. Seema, aliyekaa karibu na bibi yake, akajifunika uso. Hata Bibi Lila midomo ilimcheza. Akainuka, akakataa kusaidiwa, akaingia jikoni mwenyewe, akarudi na sinia. Chai ya maziwa, tangawizi na iliki, vikombe vyembamba vyenye ukingo wa dhahabu.

"Nimechemsha mimi. Seema akichemsha ni kama ameosha majani tu. Chukua, Mama Lusajo."

"Ahsante sana, mama. Nimeshukuru. Mimi naomba maji tu."

"Maji utapata. Chai kwanza."

"Chai situmii, mama."

"Una kisukari?"

"Hapana."

"Presha?"

"Hapana, mama. Mzima kabisa."

"Sema kisukari," Zephaniah alinong'ona kwa Kinyakyusa. "Nakuomba, sema kisukari."

Anastasia hakusema kisukari. Bibi Lila alibaki amesimama na sinia mikononi. Kisha akasema polepole, "Kikombe hiki ni cha kabati la juu. Ndicho ninachonywea mimi. Si cha bati."

Vijana hawakuelewa, lakini watu wazima wote waliingiwa na neno hilo. Baba yake Anastasia, enzi zile, akishuka toka shambani alikuwa akipewa chai nyuma ya duka la Mhindi kwa kikombe cha bati kilichotundikwa nje kwenye msumari, peke yake, wala hakikuoshwa pamoja na vingine. Anastasia alikuwa hajakikumbuka miaka na miaka. Na sasa akaelewa: huyu mama anafikiri nimetoka Barking kuja kulipa deni la kile kikombe.

"Hapana, mama," alisema haraka. "Haki ya Mungu siyo hilo. Wala halikunijia. Ni dini yangu. Tuna agizo tunaliita Neno la Hekima. Pombe hatunywi, tumbaku hatuvuti, kahawa na chai hatunywi."

"Dini gani hiyo inayogombana na majani?"

"Mimi ni Mmormoni, mama."

"Si wale wa wake wengi?" Pravin aliuliza.

"Hiyo ya zamani, Uncle," Lusajo akadakia, uso umemwiva.

"Huyu hata mume mmoja aliona kazi," alisema Zephaniah, na Anastasia akamtazama jicho moja tu, mzee akanywea.

Bibi Lila akaweka sinia chini. Uso wake ukalegea. "Mungu akisema usinywe, usinywe. Ungeniambia mlangoni. Ngoja, mimi nina dawa yako." Akachukua mkasi, akatoka kwa mlango wa bustani, akasikika akikata kitu, akapita tena jikoni. Akarudi na bilauri inayofuka. "Hii jani la chai halimo hata chembe. Sisi tunaita lili cha. Kunywa."

Mvuke ukamfikia Anastasia kabla ya bilauri. Ilikuwa harufu ya nyumba ya mama yake, ya mvua ya Tukuyu, ya sufuria nyeusi kwenye mafiga.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hii ni mchaichai."

"Ehee! Mchaichai! Nililisahau jina lake."

"Basi hii ndiyo mbaya zaidi. Hii siwezi kabisa."

Zephaniah akafumba macho. Pravin akaweka kikombe chake mezani, na safari hii hakukiweka kwa upole. "Mimi nasema tusichoshane," alisema. "Mtu akikataa vikombe viwili nyumbani kwako, ameshakuambia kitu. Tumesikia."

Seema akamtazama Lusajo, macho yamejaa. "Mum, please," alisema Lusajo. Sauti ilimkatika kama ya mtoto.

Anastasia akaona mambo yanamwagika mbele yake, na yeye ndiye aliyeshika chombo. Akasimama, kama anavyosimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Jamani, nisikieni kwanza halafu mnifukuze. Mimi nilikatazwa chai. Chai moja. Hii imejitaja mara mbili. M-chai-chai. Nitainywaje?"

Hakuna aliyemwelewa. Wakabaki wanamkodolea macho.

"Mwaka wangu wa kwanza nchi hii," akaendelea, "Ulimboka alikuwa kazi za usiku, mimi nina mtoto mchanga, ghorofa ya sita, lifti mbovu. Vijana wawili wazungu wakanibebea kigari cha mtoto mpaka juu. Kesho yake wakarudi wakakibeba tena. Ndio walionifundisha. Mmoja alikuwa Jeff, kinda la miaka kumi na tisa, na wao wamisionari wao huwaita Mzee. Mzee Jeff! Hajaota ndevu! Nilimpenda yule mtoto. Siku ya kufundishwa Neno la Hekima akaniambia, Sista, hakuna ti. Nikasema sawa. Lakini mimi dirishani nilikuwa na kopo langu la mchaichai, nimebeba shina lake toka nyumbani limefungwa kwenye soksi. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha siku zile: Na ti-ti je? Hata ti-ti? Akacheka, akasema, ndiyo, Sista, hata ti-ti. Ti zote."

"Ti-ti," alisema Pravin taratibu.

"Nyie mnadhani kuacha chai kulinitesa? Sisi wachumaji chai yenyewe hatukuinywa. Ilipimwa, ikaenda kiwandani, ikaja huku. Nyumbani mama yangu alituchemshia mchaichai, kwa sababu ulijiotea bure nyuma ya nyumba. Kwa hiyo chai niliiacha kama mtu anavyoacha kofia ya mwenzake. Mchaichai ndio niliolilia. Nililichukua lile kopo nikalishusha ghorofa zote sita mpaka kwenye pipa la taka. Siku ile sikupika."

Lusajo alikuwa amechukua bilauri, ananusa. "Seema, what is this?"

"Lemongrass," Seema alijibu.

"Lemongrass?" Lusajo akamgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Kiswahili kikamtoka chenyewe. "Mama! Hii si chai! Hii ni nyasi! Ile supu ya kuku ya Sista Mfilipino, kanisani, kila Krismasi unaomba bakuli la pili, imejaa hii!"

Zephaniah ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akajikunja, tai ikaingia kwenye chai. Pravin akafuata, akajaribu kujizuia, akashindwa, akarudia "hata ti-ti" na kushindwa tena. Seema alicheka na kulia kwa pamoja. Anastasia alibaki amesimama katikati yao, mikono imening'inia. Zaidi ya miaka ishirini. Hakuna mtu kanisani kwao aliyelijua neno mchaichai amrekebishe, na yeye neno lemongrass hakulijua aupe mmea wake jina.

Bibi Lila hakucheka. Aligonga fimbo sakafuni. "Nyamazeni." Wakanyamaza. "Kaa, Mama Lusajo. Kaa hapa karibu yangu. Umeona mlango wa jikoni umefungwa?"

"Nimeona, mama. Na taulo."

"Ukafikiri nini?"

Anastasia akasita, kisha akaamua kusema kweli, maana siku yenyewe ilikuwa imeshaharibika. "Nikafikiri hamwezi kula mkono wa Mwafrika."

Pravin akainamisha kichwa. Bikizee akaitika kwa kichwa, hakuonyesha kuumia. "Nilijua utafikiri hivyo. Na mimi nikafikiri hunywi mkono wa Mhindi. Sisi hatuli kitunguu, mwanangu. Wala saumu. Ni dini yetu. Chungu chako nimekisikia toka barabarani."

Anastasia akageuka taratibu kumtazama mwanawe. "Lusajo."

"I said vegetarian!"

"Kwani kitunguu kina damu? Nimekata mpaka nimelia, na wewe unajua?"

"Sikujua!" alisema Lusajo, na kwa jinsi Seema alivyolitazama zulia ghafla, na yeye alivyolitazama dari, watu wazima walipata picha kamili ya vitunguu ambavyo vijana wale wamekula pamoja mjini. Bibi Lila akaamua kutoona.

"Nilipofika hapa," alisema, "nilishona kiwandani. Wenzangu siku moja wakaniletea chakula, kila mmoja amepika kwao. Chote kina kitunguu. Nikakataa. Wakaniita mwenye maringo mpaka nilipoacha kazi. Neno onion nililijua. Lakini kueleza kwamba ni Mungu, siyo nyinyi, hicho Kiingereza sikuwa nacho."

"Mimi wananiita Maji Moto," alisema Anastasia.

"Ni jina zuri kuliko langu."

Lusajo akapiga magoti mbele ya mama yake, akampa bilauri. "Kunywa, Mum. Inaruhusiwa. Nakuapia. Kunywa tu, yaishe."

Anastasia aliipokea. Ilikuwa bado ya moto. Akamtazama mtoto wake, jasho kwenye paji la uso kama alivyokuwa akilala utotoni, na akaona kwamba kwa ajili ya uso ule angekunywa hata ile nyingine, ile ya maziwa, kikombe kizima, kisha akalie kwa Mungu wake. Akainua bilauri.

Kiganja kidogo chenye mikunjo kikafunika mdomo wa bilauri.

"Umemuuliza mkubwa wenu?" aliuliza Bibi Lila.

"Bado, mama. Askofu nitamwona kesho."

"Basi kesho. Leo usinywe." Akaichukua, akaiweka mbali. "Wewe umekatazwa kimoja, ukamwachia Mungu na kingine ambacho hakukiomba, tena kile ulichokipenda. Leo uvunje kwa ajili ya kunifurahisha mimi? Mtu akivunja dini yake kwa ajili yangu, ya mjukuu wangu ataivunja kwa ajili ya nani? Hapana. Nijibu jambo moja. Seema akiingia kwako, akakuambia, bibi amenilea bila kitunguu, utamfanyaje?"

Anastasia hakuhitaji kufikiri. "Nitanunua sufuria mpya. Kitunguu hakitaigusa."

"Na mwiko?"

"Na mwiko wake."

"Na kisu? Na ubao wa kukatia?"

"Mama, nitahamisha vitunguu vyote nivipeleke kwa Zephaniah, Ilford. Nikivitaka nitapanda treni."

Hapo ndipo bikizee alipocheka, kicheko cha msichana, mabega yanaruka. Akampigia Pravin makofi. "Lete gol!"

Pravin akaleta kisahani cha fedha: sukari guru iliyovunjwavunjwa, imechanganywa na mbegu za giligilani. Kwao, wakishakula hiyo, posa imekubaliwa na hairudi nyuma. Seema alijua, akamshika Lusajo mkono mbele ya watu wote.

"Subirini," alisema Zephaniah, kidole juu. "Muulizeni kwanza huyu kama sukari guru nayo haina jina la pili."

"Nyamaza wewe, na tai yako imelewa chai," alisema Anastasia.

Bibi Lila akamega kipande, hakumpa Anastasia mkononi. Alikishika kwa vidole vyake mwenyewe, akakiinua, akasubiri. Anastasia akafungua mdomo kama mtoto, akalishwa. Kisha akamega na yeye, akamlisha bikizee.

"Basi," alisema Bibi Lila akitafuna. "Neno limekwisha."

Ila njaa ilikuwa haijaisha. Sufuria ya vitunguu ikapelekwa bustanini, na Zephaniah akajitolea kwenda kuilinda. Walimwona dirishani ameketi kwenye baridi, kijiko mkononi, hana habari na mtu. Pravin akafungua madirisha yote. Dukani kwake kulikuwa na ndizi mbichi, Lusajo akatumwa mbio, na Anastasia akajifunga kanga, akaingia jikoni kwa bikizee.

"Sasa bila kitunguu tunaanza na nini, mama?"

Bibi Lila akafungua kikopo, akamsogezea puani. Anastasia akaruka nyuma.

"Huu si mvuje? Dar nimeona wanawafungia watoto shingoni kufukuzia mashetani!"

"Ndio huohuo. Tia kidogo kwenye mafuta."

Anastasia akatia kidogo. Mafuta yakachemka kwa hasira, harufu ikapanda, akapiga chafya mfululizo. "Mashetani yana haki ya kukimbia," alisema, machozi yanamtoka tena.

"Yakimbie. Mkwe abaki." Bibi Lila akamkabidhi mwiko. "Koroga, dada, usiache ishike chini."